Umejinyima, au Umenyimwa?



Kwaresima iliyopita niliombwa kutoa somo kwa watu wa ndoa kutoka jumuiya ndogo ndogo za Thika na Ruiru. Tulikutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia. Walikuja akina baba na akina mama wapatao 40, wengine wakitoka moja kwa moja kazini, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Kama ilivyo desturi yangu, sikuanza kwa kuhubiri. Nilimpa kila mmoja kipande cha karatasi, nikawaomba waandike jambo moja tu: "Kitu nilichojinyima kwa ajili ya ndoa yangu." Niliwaambia wasiandike majina yao.

Karatasi ziliporudi nilizisoma kwa sauti. Baba mmoja alikuwa ameandika, "Pombe." Mwingine, "Kutazama mpira Jumamosi." Mama mmoja aliandika, "Saluni," na mwingine, "Nyama, ili karo itoshe." Watu walikuwa wakicheka na kupiga makofi. Kisha nikafungua karatasi moja iliyokuwa na maneno mawili tu, tena yamepigiwa mstari: "Sikujinyima. Nilinyimwa."

Ukumbi ulinyamaza. Nami niliyekuwa nimetayarisha somo la saa nzima juu ya uzuri wa kujinyima, nilifunga daftari langu. Niliona wazi kwamba kuna mtu aliyenitangulia, na somo lake lilikuwa bora kuliko langu. Leo nataka tulitazame neno hilo pamoja, kwa maana nimegundua kwamba nyumba nyingi zinaumia kwa kutolielewa.

NENO LENYEWE

Shina la neno letu ni nyima. Kumnyima mtu kitu ni kukataa kumpa kitu anachokihitaji au anachokiomba, hali unacho. Kitendo hiki kina watu wawili na kitu kimoja: yuko anayenyima, yuko anayenyimwa, na kipo kile kinachozuiliwa. Baba amemnyima mtoto maziwa. Tajiri amemnyima kibarua ujira wake. Mtu mwenye tabia hiyo huitwa mnyimivu, wala hilo si jina la sifa.

Sasa tia ndani yake silabi ndogo ya ji. Kiswahili hutumia silabi hii mtu anapojitendea mwenyewe: kujiosha, kujikata, kujisifu. Kwa hiyo anayejinyima ndiye anayenyima, na ndiye huyo huyo anayenyimwa. Mkono unaozuia ni wake, na tumbo linalokosa ni lake. Hapo ndipo neno lililokuwa la aibu linapogeuka kuwa neno la sifa. Ni silabi moja tu! Ukiiondoa umerudi kwenye unyimivu, hata kama nia yako ni njema na hata kama unataja jina la Mungu.

Kuna jambo la pili. Mtu hunyimwa kitu chema. Hatusemi kwamba fulani amemnyima mtoto malaria. Vivyo hivyo, mtu hujinyima kitu kilicho chema na kilicho halali yake: nyama, usingizi, nguo mpya, mapumziko. Hakuna anayesema, "Nimejinyima wizi," wala, "Nimejinyima kumpiga mke wangu." Kwa mambo ya namna hiyo tunalo neno jingine, nalo ni kuacha.

KUACHA NA WATOTO WAKE

Kuacha ni neno pana lenye watoto wengi. Mwizi ameacha wizi. Mtoto ameachishwa ziwa. Mfanyakazi ameachishwa kazi. Mume amemwacha mkewe, na hapa neno linauma, maana watu wakishasema, "Yule ameachwa," hakuna haja ya maelezo zaidi. Lakini ni neno hilo hilo tunalolikuta katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, pale mwanamume anapowaacha wazazi wake ili awe mwili mmoja na mkewe. Basi ndoa huanza kwa kuacha, na ndoa huvunjika kwa kuacha. Inategemea unamwacha nani.

Kwa nini nataka tutenganishe kuacha na kujinyima? Kwa sababu kujinyima kuna mwisho wake. Kwaresima ina siku 40, na jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya arobaini. Pasaka ikifika, nyama inarudi mezani, na ni haki irudi, kwa kuwa ilikuwa njema tangu mwanzo. Jambo baya haliwekwi kando kwa siku 40. Nimewasikia wanaume wakiniambia kwa fahari, "Mwalimu, Kwaresima hii nimejinyima ulevi." Juma la Pasaka mke wa mtu huyo hulala macho wazi akisikiliza lango litafunguliwa saa ngapi. Mtu huyo hakujinyima, alipumzika tu.

Ulevi, matusi, kamari ya kwenye simu inayomaliza mshahara kabla ya tarehe 5, mpango wa kando: haya yote ni ya kuacha. Tena anayeyaacha asidai shukrani kama mtu aliyeleta zawadi. Amerudisha tu alichokuwa amewachukulia watu wa nyumba yake. Tumsaidie, tumwombee, tufurahi pamoja naye, lakini tuliite jambo kwa jina lake.

Kuacha kunapoongezewa sauti kidogo kunakuwa kuachia. Ukisema, "Nimeacha nyama," unaitazama nyama. Ukisema, "Nimewaachia watoto nyama," unawatazama watoto. Asubuhi pale Ruiru watu wanapopanga foleni ya matatu, kijana aliye mbele akimwachia mama mjamzito kiti cha mwisho, hakuna anayeuliza kijana amekosa nini. Sote tunafurahi kwamba mama ameketi. Kujinyima katika ndoa kunapaswa kuwa hivyo. Pakikosekana mtu aliyeachiwa, afadhali tujiulize tulikuwa tunafanya nini.

Liko pia neno kujitoa, ambalo lataka uangalifu. Tunasema kwamba Kristo alijitoa kwa ajili yetu, na tunasema pia kwamba fulani amejitoa kwenye chama, yaani hachangi tena na haji tena mkutanoni. Neno ni moja na safari ni mbili. Nawajua watu waliojitoa kwa ajili ya nyumba zao, wakafanya kazi usiku na mchana, mpaka siku moja nyumba ikagundua kwamba wamejitoa kwenye nyumba. Pesa zilikuja, lakini mwenyewe hakuja.

VIKOMBE VINNE VYA CHAI

Nisionekane kama mtu anayeona makosa ya wenzake tu. Miaka kadhaa iliyopita, jioni ya Jumatano ya Majivu, nilitangaza nyumbani kwangu kwamba Kwaresima ile hatutanunua sukari. Pesa tutakazookoa tutazitia katika bahasha ya Kwaresima ili ziwasaidie maskini. Nilisema vizuri sana, hata nikawataja manabii. Mke wangu hakujibu neno. Watoto walikunywa uji na chai bila sukari siku ile, na siku zilizofuata.

Mimi nami, shughuli zangu zikinipeleka Thika mjini, nilikuwa nikipita kwenye kibanda cha rafiki yangu saa nne asubuhi. Siku ya kwanza alinipa chai, na ilikuwa na sukari. Nilijiambia kwamba kukataa ukarimu wa mtu si adabu. Siku ya pili nilijiambia hivyo hivyo. Kufikia juma la tatu nilikuwa sijiambii chochote, nilikuwa nakunywa tu. Siku moja mke wangu akapita pale akitoka sokoni, akaniona na kikombe mkononi. Alinisalimia, akamsalimia na rafiki yangu, akaenda zake. Jioni watoto walipolala aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, ile sukari uliyojinyima ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Sukari ilikuwa ya watoto wetu, na ya mwanamke anayeamka saa kumi na moja kutuwashia moto. Mimi nilikuwa nimetoa sadaka kutoka katika vikombe vya wengine, na changu nilikijaza mjini. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hawakusema moyo wa nani. Ni lazima uwe wa yule anayetoa.

Tangu siku hiyo ninapofundisha hutumia mfano wa vikombe vinne. Wako wanawake wanne wa mtaa mmoja, na kila mmoja anakunywa chai isiyo na sukari.

Wa kwanza amejinyima. Sukari ipo kabatini, yeye ameamua kwa hiari yake kuikosa mpaka Pasaka, na moyo wake umetulia.

Wa pili ameacha. Daktari amemwambia kwamba ana ugonjwa wa kisukari, naye amekubali ushauri.

Wa tatu amenyimwa. Pesa ziko mfukoni mwa mume, hazitoki.

Wa nne naye alinyimwa zamani. Aliomba, akaomba tena, akajibiwa vibaya, akachoka. Sasa haombi. Huyo amekata tamaa.

Tazama vikombe hivyo uone jinsi vinavyofanana. Mpita njia akichungulia dirishani atasema kwamba nyumba zote nne zina amani. Na mara nyingi mume wa yule wa nne ndiye anayejisifu kuliko wote. Utamsikia akisema, "Mimi nashukuru, mke wangu hana makuu." Ndugu yangu, huenda anayo makuu, ila amechoka kukuambia.

Wala tusidhani kwamba ni wanawake peke yao. Wako waume waliokata tamaa pia. Mume aliyezoea kusikia, "Hiyo ni kazi yako," kila anapoomba ushauri, au aliyechekwa mbele ya watoto kwa ajili ya mshahara mdogo, naye hufika mahali akanyamaza. Tutamwita mpole, kumbe amekata tamaa.

MASHARTI YA MTUME PAULO

Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, Mtume Paulo anawafundisha watu wa ndoa juu ya tendo la ndoa. Anawaonya wasinyimane. Kisha anatoa ruhusa moja, na ruhusa hiyo ina masharti yake: wawe wamepatana wote wawili, iwe kwa muda, na iwe ili wapate nafasi ya kusali. Baada ya hapo warudiane. Tena anasema wazi kwamba mume ana haki kwa mkewe na mke naye ana haki kwa mumewe, hakuna mmoja aliyepewa mamlaka peke yake.

Angalieni masharti hayo: mapatano, muda, na shabaha njema. Mimi naona yanafaa kwa kila jambo ambalo watu wa ndoa wanataka kuliweka kando, si kwa tendo la ndoa peke yake. Yanafaa kwa nyama, kwa masomo, kwa kazi, kwa safari ya kwenda kuwaona wazazi.

Hata Kanisa linapotuamuru kufunga, linaweka mipaka. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, siku za lazima za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya kutokula nyama inamhusu aliyetimiza miaka 14. Sheria ya kufunga chakula inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapouanza mwaka wake wa 60. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawabanwi. Ikiwa Mama Kanisa anahesabu siku na miaka ya watoto wake kabla ya kuwaambia wasile, mume au mke amepata wapi ruhusa ya kumwekea mwenzake mfungo usio na tarehe ya mwisho?

Neno kufunga lenyewe linatufundisha. Kwa Kiswahili ni lile lile la kufunga mlango. Wakikuyu husema kwĩhinga, yaani kujifunga, nalo limetokana na neno lao la kufunga mlango. Lugha hizi mbili zimekubaliana kwamba anayefunga anaufunga mlango wake mwenyewe. Anayekwenda kuufunga mlango wa mwenzake kwa nje anafanya kitu kingine kabisa.

MAMA WA KARATASI

Nirudi sasa kwa ile karatasi. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa. Akasema, "Mwalimu, yale maneno mawili yalikuwa yangu." Yeye na mumewe wameniruhusu niwaeleze habari yao bila kutaja majina, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulikane.

Wanaishi Ruiru. Mume hufanya kazi katika kiwanda kimoja cha Thika, na kila siku hupanda matatu kwenda na kurudi. Walipooana mke alikuwa ameanza masomo ya kukata na kushona nguo. Walikuwa wanaishi katika chumba kimoja cha kupanga, na kama vijana wengi wa kwetu, walitamani sana kununua ploti. Siku moja mume alikuja na karatasi za kununua ploti kwa malipo ya kila mwezi. Alisema, "Nauli na karo yako tutaziweka hapa. Masomo utarudia baadaye." Mke aliacha chuo mwezi ule ule. Ilikuwa imebaki nusu ya kozi.

Malipo yalichukua miaka minane. Ploti ikapatikana, na hati ikaandikwa jina la mume peke yake. Wageni wakija, mume huwaonyesha mahali pale na kusema, "Tulijinyima sana, mimi na mama watoto."

"Kila nikisikia lile neno 'tulijinyima', Mwalimu," yule mama aliniambia, "moyo unauma. Yeye alibaki na kazi yake. Mimi sikuulizwa. Na cherehani nazipita kila siku zikilia kwenye vibanda vya mafundi, nikisikia kama zinaniita."

Nilimwomba ruhusa ya kuongea na mumewe. Mara ya kwanza mume hakuja. Mara ya pili alikuja amekasirika. Akaniambia, "Mwalimu, unataka kuvunja nyumba yangu kwa ajili ya sarufi?" Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Nataka tu umsikilize mama watoto mpaka amalize." Mama akaeleza tangu mwanzo. Mume alikuwa akitazama chini.

Alipomaliza, mume naye akasema jambo ambalo mimi sikulijua, na mkewe hakulijua. Kwa miaka yote ile minane hakuwa akila chakula cha mchana. Wenzake walipokwenda kula githeri kwenye vibanda vya nje ya lango la kiwanda, yeye alibaki ndani akisema hana njaa. Hakumwambia mtu yeyote.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Mume akasema, "Ungenikataza." Halafu naye akauliza, "Na wewe, ningekuuliza juu ya chuo, ungekataa?"

Mama akasema, "Labda ningekubali. Lakini ningekuwa nimekubali."

Wapenzi wasomaji, mimi nimefundisha wachumba kwa miaka mingi na sijapata kuisikia tofauti ya kujinyima na kunyimwa ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Chuo kingeachwa vilevile, na ploti ingenunuliwa vilevile. Lakini mama yule angekuwa ametoa. Kwa kutokuulizwa, alinyang'anywa hata nafasi ya kutoa. Na mume yule, aliyejinyima kweli kweli, alimnyima mkewe nafasi ya kulijua pendo lake. Wote wawili walikuwa na njaa katika nyumba moja, na hakuna aliyejua.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwisha siku ile. Miaka minane hairudi. Mara yetu ya tatu kukutana walikuwa bado wanabishana, lakini sasa walikuwa wanabishana juu ya siku za juma. Mama anakwenda kwa fundi mmoja kujifunza mara tatu kwa juma, na siku hizo mume akirudi kutoka Thika ndiye anayewapikia watoto. Mume amekubali jina la mkewe liingizwe kwenye hati, na shughuli hiyo wameianza. Na anabeba chakula cha mchana kutoka nyumbani.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE?

Baadhi yenu mtauliza kama mke asiyeleta mshahara ana sehemu katika ploti kama ile. Ni vizuri kujua kwamba hapa Kenya tunayo Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Sheria hiyo haihesabu fedha peke yake kuwa mchango. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba pia ni mchango. Tena mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila idhini ya mwenzake. Kwa hiyo yule anayesema, "Wewe hukununua chochote," anasema jambo ambalo hata sheria haikubaliani nalo. Lakini ni afadhali sana mume na mke wapatane mezani kwao, kabla ya kufika kwa wakili.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA

Nimewapa wachumba ninaowafundisha maswali matatu, nami nawapa ninyi pia. Yatumieni kabla ya kuweka kando jambo lolote kubwa.

Kwanza: Kitu hiki ni cha nani? Ikiwa ni changu, naweza kujinyima. Ikiwa ni cha mwenzangu au cha watoto, siwezi kukitoa mimi. Naweza kuomba tu, na anayeomba huwa tayari kusikia hapana.

Pili: Tumepatana, au mmoja amenyamaza? Kunyamaza si kukubali. Msisitizo wangu uko hapa. Wengi wetu tumelelewa kuuona ukimya wa mke kuwa heshima, na ukimya wa mume kuwa uanaume. Uliza mara ya pili, siku nyingine, wakati ambapo hakuna haraka. Mpe mwenzako nafasi ya kubadili mawazo.

Tatu: Mwisho wake ni lini, na ni nani anayeachiwa? Andikeni tarehe. "Baadaye" si tarehe. Kama ni masomo, semeni ni muhula gani atarudi. Kama ni nyama, semeni ni mpaka Pasaka. Na mjue kwa jina ni nani atakayefaidika.

Jambo likishapita maswali haya matatu, jinyimeni kwa furaha. Simfundishi mtu kushika kila haki yake kwa meno. Ndoa isiyo na kujinyima ni kama chumba cha kupanga cha watu wawili wasiojuana, kila mtu na sufuria yake. Ninachosema ni kwamba kujinyima ni zawadi, na zawadi haitolewi na mtu mwingine kwa niaba yako.

Na nyumbani kwangu? Kwaresima iliyofuata tuliketi na mke wangu na watoto, kila mmoja akasema anachotaka kujinyima. Binti yetu alisema peremende. Mdogo wake alisema hataki kujinyima chochote, nasi tukamwacha. Mimi nilisema ile chai ya saa nne pale kibandani. Mke wangu alicheka, akaniambia kwamba sukari itabaki kabatini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Taja jambo moja ambalo mwenzako ameliacha kwa ajili ya nyumba yenu. Je, una hakika kwamba alijinyima? Umewahi kumwuliza?

2. Kati ya vikombe vinne vya chai, ni kipi kinafanana na chako leo? Mwambie mwenzako mkiwa wawili, si mbele ya watu.

3. Je, kuna jambo baya ambalo unalipumzisha kila Kwaresima badala ya kuliacha?

4. Sisi kama jumuiya tunawezaje kumsaidia mtu aliyekata tamaa kabla hajanyamaza kabisa?

Nawatakia amani katika nyumba zenu. Mungu awabariki.

Wenu, Katekista